Habari ya Kiporo

Nyoka alimuuma Abbo alipokuwa akichimba mihogo kwao Masaba. Nathan, mhudumu wa afya wa kijiji, alifungua simu, ikasema dawa ya sumu ya nyoka iko kituo cha afya cha Buteba. Wakampakia pikipiki, mbio. Kumbe chupa ya mwisho ilishatumika jana yake. Walipofika hospitali ya Tororo, mguu ulikuwa umejaa kama shina la mgomba.

Asubuhi Resty, msimamizi wa mitambo inayopeleka habari za dawa kwenye simu za wahudumu, alikuja wodini. Opendi, mume wa Abbo, hakumpa hata mkono.

"Simu zenu, dada, zinadanganya bila haya."

Resty alimtazama mgonjwa, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akatoka. Kibarazani alifungua kompyuta, Nathan pembeni.

"Habari inatoka Tororo. Kompyuta ya Busia inatunza nakala, simu yako inatunza nakala ya nakala. Kila moja niliiruhusu kukaa na nakala yake siku nzima kabla ya kuuliza mpya."

"Siku nzima! Kwa nini?"

"Si nyinyi mlilia? Simu zikinasa mtandao wa Kenya, data inaliwa. Nikazizuia kuuliza-uliza."

"Basi ni siku moja tu."

"Wapi! Nakala ya Busia ikikaribia kumaliza siku yake, simu yako inaichukua na kuanza kuhesabu upya. Ni kiporo, Nathan. Kila anayekipasha moto anaapa kakipika leo."

Nathan alicheka, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo.

"Sasa nafanya dakika chache tu," Resty akasema.

"Na kule bondeni mtandao ukikosa nione nini? Giza? Afadhali hata habari ya jana, dada."

Resty akaondoa vidole kwenye kompyuta. Alikuwa karibu kuponya kosa kwa kosa. Mwishowe akaamua umri wa habari uhesabiwe tangu muuguzi wa kituo alipoiandika, si tangu ilipopokelewa. Kompyuta ya Busia itunze nakala muda mfupi, simu muda mfupi zaidi. Muda ukipita na mtandao haupo, habari ibaki, lakini ioneshe umri wake na namba ya simu ya kituo. Siku za kliniki, ambazo hazibadiliki ovyo, akaziachia muda mrefu.

Opendi alitoka akijifuta uso. Daktari alikuwa amesema mguu hautakatwa, ila kutembea kutakawia.

"Mungu ni mwema," Resty akasema, akampa simu ya Nathan.

Opendi akasoma polepole: "Habari ya jana jioni. Piga simu kwanza."

Akaisoma tena.

"Ingetuambia hivi jana," akasema, "tungepiga."

Akairudisha, akaingia kwa mkewe.