Walioachwa Mezani na Bwana Gervas

Usiku wa kuamkia Jumapili, Tumsifu aliota televisheni ya sebuleni inamwita.

"Mama Eliwaza," ilisema, kwa sauti ya mtu anayegonga kwa jirani na hataki kuamsha nyumba nzima. "Kuna watu wanakusubiri huku ndani."

Tumsifu akauliza ni watu gani.

"Wale wa jana," ikasema televisheni. "Uliowazimia."

Alijua mara moja ni akina nani. Jumamosi jioni ilikuwa jioni yao ya filamu, yeye na mumewe Elisante, tangu mtoto wao wa mwisho alipoondoka nyumbani. Walikaa kochi moja, bakuli la bisi katikati, simu zote mbili zikiwa chumbani. Waligombana juu ya jambo moja tu. Elisante alipenda filamu za watu wagumu: walaghai, wakatili, baba wasiosikia la mtu. "Simtaki awe rafiki yangu," alizoea kusema. "Nataka kuona atafika wapi." Tumsifu hakuweza. Kazi yake ilikuwa dawati la malalamiko katika ofisi ya maji, na kuanzia asubuhi mpaka jioni alifokewa na watu ambao mabomba yao yalikuwa yamekauka. Akirudi nyumbani alitaka kukaa na mtu mwenye adabu, hata kama ni wa kwenye kioo.

Jana walikuwa wamefungua filamu ya tajiri mmoja wa matofali, aitwaye Gervas. Hakujibu salamu za mtu. Alimsema mkewe mbele ya wageni. Halafu, mezani, huku anaongea na simu, alinyoosha uma wake na kuichukua nyama kwenye sahani ya mama yake mzazi, akaitia mdomoni. Tumsifu akazima.

"Mtu huyu sebuleni kwangu hakai," alisema.

Elisante hakubisha. Alisema, bila hasira yoyote, "Basi kuanzia wiki ijayo kila mtu aangalie chake, kwenye simu yake." Akaenda kulala, ameelekea ukutani. Hilo ndilo lililomkaa Tumsifu rohoni alipokuwa anapitiwa na usingizi. Alikuwa ameshamsahau Gervas.

Sasa televisheni inafungua kioo chake kama dirisha. Tumsifu anapitisha mguu mmoja, anapitisha wa pili, anaingia. Ndani kuna ukumbi wenye zulia, na mlangoni kiti cha sinema kimesimama zamu. Kinafunua kikalio chake na kukifunika kila kinapotamka neno.

"Huruma umekuja nayo?" kinauliza.

"Ya nani?"

"Ya mhusika mkuu. Hapa mtu hapiti bila huruma ya mhusika mkuu."

"Hiyo sina," anasema Tumsifu. "Nina ya mkewe. Na ya mama yake ninayo tele."

Kiti kinafikiri, kikalio kikiwa wazi. "Hiyo watu hawaji nayo sana," kinasema mwishowe. "Pita. Ila nyama usiiguse."

Akasukuma mlango, akajikuta kwenye chumba cha kulia cha Gervas. Mchana ulikuwa mkali madirishani. Gervas alikaa kichwani mwa meza, simu sikioni, uma umesimama hewani. Mama yake aliitazama sahani yake iliyokuwa tupu. Mkewe, Leokadia, alikuwa amesimama na bakuli kubwa la supu mikononi, na mvuke wa ile supu ulikuwa umeganda juu yake kama pamba.

"Karibu, mama," alisema Leokadia, bila kusogeza chochote isipokuwa midomo. "Umetuacha na huyu mtu."

"Samahani sana," alisema Tumsifu. "Sikujua kama mnabaki."

"Ulidhani tunakwenda wapi?"

Filamu alizozizima Tumsifu katikati zilikuwa nyingi, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza swali hilo.

"Weka basi hilo bakuli chini," alisema. "Utaumia mikono."

"Siwezi. Ninaliweka kwenye sehemu inayofuata. Naliweka, nachukua mfuko wangu nyuma ya mlango, naondoka. Lakini hakuna anayeangalia, na bila mtu wa kuangalia haiendi."

"Na mimi nina sehemu?" aliuliza yule mama mzee.

"Unahamia kwa mdogo wako, mama."

"Na nyama?"

"Nyama hapana, mama. Ile imeshaliwa."

"Nilijua," alisema mama mzee, akarudi kuitazama sahani.

Tumsifu akasema hilo halina tabu, yeye yupo, ataangalia. Akamkazia macho Leokadia. Hakuna kilichosogea.

"Si mimi," alisema Leokadia. "Inabidi umtazame yeye. Mhusika mkuu ni yeye. Ukimtazama yeye ndipo na sisi tunatembea."

Tumsifu akageuka, akamtazama Gervas. Papo hapo mvuke ukapanda, uma ukashuka, na Gervas akaanza kutafuna. Alitafuna mdomo wazi. Akamwambia mtu wa kwenye simu kwamba amwondoe yule mlinzi mgonjwa kabla hajafia getini na kuleta usumbufu. Tumsifu akafumba macho, kama alivyozoea.

"Mama," ilisema sauti ya Leokadia. "Tafadhali."

Akafumbua. Leokadia alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, bakuli limeinama, supu imening'inia hewani bila kufika mezani.

"Nimo humu ndani," ulisema upawa kutoka kwenye ile supu. "Nasema tu, ili ijulikane."

Kwa hiyo Tumsifu anamtazama Gervas. Anamtazama anapopangusa mikono kwenye kitambaa cha meza. Anamtazama anapomwita mkewe mzigo. Anasikia bakuli likigusa meza nyuma yake, anatamani kugeuka, hageuki.

"Unanitazama nini?" anauliza Gervas.

"Shikamoo," anasema Tumsifu, maana ni mtu mzima.

"Weka hapo," anasema Gervas.

Chumba cha kulia sasa ni uwanja wa matofali. Hakuna aliyetembea. Matofali yamepangwa mpaka upeo wa macho, na kila Gervas anapopita yanamwamkia, moja baada ya jingine, naye hayajibu. Tumsifu anamfuata. Kwa pembeni ya jicho anaona Leokadia akipita nyuma ya rundo la matofali, mfuko begani.

"Kwani wewe huwezi kuwa mwema hata kidogo?" anauliza.

"Nikiwa mwema tunamaliza mapema," anasema Gervas. "Nina sehemu ya utotoni, ukiitaka. Nilionewa shuleni, baba alikuwa mlevi, mvua inanyesha. Nikuoneshe?"

"Hapana, asante."

"Afadhali. Hata mimi inanichosha."

Akapiga tofali moja teke, bila sababu. Tofali likasema pole.

Tumsifu alihisi shingo inataka kugeuka yenyewe. Aliishika kwa mikono miwili. Alijua kwamba akigeuka, yule mwanamke ataganda nyuma ya rundo, juani, mpaka siku ambayo mtu mwingine mwenye moyo mgumu kuliko wake atakapokuja, na huenda mtu huyo asije.

Halafu uwanja ukawa ofisi ya maji. Dawati lilikuwa lake, kalamu yake yenye alama za meno, kalenda yake. Gervas alikuwa upande wa pili, anapiga dawati kwa ngumi, anafoka kwamba bomba limekauka, kwamba wote humu ni wavivu na wajinga, na kwamba atamjua yeye ni nani. Hapo mabega ya Tumsifu yakashuka. Kazi hii aliijua. Kwa miaka mingi alikuwa amewasikiliza watu wa namna hii mpaka mwisho wa maneno yao, na hakumpenda hata mmoja. Aliwasikiliza kwa sababu mtu mwenye mdomo mchafu naye nyumbani kwake wako watoto wenye kiu, na bomba la mtaa wake linapita pia kwa majirani.

"Mtaa gani, baba?" aliuliza, kama anavyouliza kila siku.

Gervas akataja mtaa.

"Na tatizo lilianza lini?"

Gervas akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza alionekana kutafuta neno. "Wote wanaondoka kwenye nyama," alisema. "Hakuna aliyewahi kufika hapa. Sijui sehemu hii nafanya nini."

"Endelea kufoka tu," alisema Tumsifu. "Mimi nipo."

Akaendelea kufoka. Nyuma yake, dirishani, Leokadia alivuka barabara.

Sasa ni kituo cha treni, jua la saa nne, na jukwaa refu lisilo na watu. Gervas amesimama mwisho kabisa wa jukwaa, anaigombeza saa ya kituo kwa kuchelewa. Saa inamwambia samahani mzee. Leokadia amekaa kwenye benchi, mfuko magotini.

"Njoo ukae nami," anamwambia Tumsifu. "Nilitakiwa kukaa na abiria, lakini abiria hajatokea."

Tumsifu anakaa. Anamgeuzia kila mtu kisogo isipokuwa Gervas, maana hathubutu kumwachia hata kidogo. Anausikia mkono wa Leokadia ukitafuta wa kwake, mkono wa moto bado kwa lile bakuli. Wanakaa hivyo. Hakuna anayesema lolote la maana. Leokadia anasema mikono inaanza kurudi, Tumsifu anasema aikunjue polepole.

Treni inaingia. Gervas hageuki. Hajui kama kuna mtu anaondoka, anaisema saa. Tumsifu anausikia mkono ukimwachia, anasikia mlango wa behewa, anasikia magurudumu. Anamtazama Gervas mpaka sauti ya treni inapotea kabisa, ndipo anapumua.

Gervas akaja mpaka kwenye benchi.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Umenipenda?"

"Hapana," alisema Tumsifu.

"Lakini umekaa."

"Nimekaa."

Gervas akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya haki, akaenda kumalizana na saa.

Tumsifu alipoamka jua lilikuwa limeshapanda ukutani, na upande wa Elisante kitanda kilikuwa kitupu. Akatoka kama alivyo. Mumewe alikuwa sebuleni, chai mezani, rimoti mkononi, uso wa mtu aliyekwisha kuamua kushindwa.

"Nimetafuta nyingine," alisema kabla hata ya kumjulia hali. "Ya wapishi. Nimeangalia vizuri, wote humo ndani ni watu wema. Tuiangalie leo, tusingoje Jumamosi. Ile habari ya kila mtu na simu yake, mama Eliwaza, nilisema tu."

Tumsifu akakaa kwenye kochi, karibu naye kuliko kawaida.

"Rudisha yule wa matofali," alisema.

"Utamwacha njiani tena."

"Simwachi."

Elisante akarudisha. Gervas akatafuna mdomo wazi, akapangusa mikono kwenye kitambaa cha meza. Tumsifu alimshika mumewe mkono, akaubana pale palipohitaji kubanwa, lakini uso hakuugeuza. Elisante alikuwa anamwangalia yeye kuliko filamu. Bakuli likawekwa mezani. Mfuko ukachukuliwa nyuma ya mlango. Chai ilipoa, na ibada ya kwanza ikawapita, na hakuna aliyeitaja.

Walipofika kwenye kituo cha treni, Elisante alisogea mbele, viwiko magotini. Kule mbali Gervas aliigombeza saa. Huku karibu Leokadia alikaa kwenye benchi, na pembeni yake abiria mmoja, mwanamke, amewapa kisogo.

"Mama Eliwaza," alisema Elisante taratibu. "Hebu mwone huyo mama aliyekaa na Leokadia. Mbona amevaa gauni la kulalia?"

Akageuka kumtazama mkewe, kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo, kisha akarudi kwenye kioo.

Tumsifu alivuta khanga kutoka mgongoni mwa kochi, akajifunika nayo mpaka shingoni.

"Nyamaza, baba Eliwaza," alisema. "Treni inaingia."