Chumba cha Pili Kwenye Kompyuta ya Hooyo

...arobaini na moja, bado asilimia arobaini na moja, ilikuwa arobaini na moja aabo, baba yangu, alipoketi na sasa amemaliza kikombe kizima cha chai na ni ile ile arobaini na moja, mstari wa bluu umesimama katikati ya kioo kama ngamia aliyegoma, na mimi Samsam binti Kulow, mwalimu wa kompyuta, niliyewaambia watu wa nyumba hii kwamba ni kazi ya nusu saa tu, nimekaa mkekani magoti yamekufa ganzi na tabasamu nimelibandika usoni ili mtu asinisome, na huyo tena, Bare anaanza tena, fundi wa mageti hapo ng'ambo ya ukuta, akigusa chuma kwa ile fimbo yake ya kuchomelea taa yetu inafifia na feni inashusha pumzi, kisha akiachia inapanda, kisha anagusa tena, na kila feni inaposhusha pumzi na mimi nashusha yangu, kwa sababu kompyuta hii haina betri, niliitoa mwenyewe ilipovimba, nikasema haidhuru, tutaitumia na chaja, na sasa uhai wake wote uko kwenye waya huu mweusi, na waya uko ukutani, na ukuta uko kwenye umeme wa hapa mjini Rhamu ambao haujawahi kuahidi mtu chochote, na juu ya hayo yote yuko Bare, ambaye hajui, na hajui kwa sababu sijamwambia, ningeweza kumtuma mtu akamwombe asimame dakika ishirini tu, lakini nikimwomba asimame aabo ataniuliza kwa nini, na nikijibu kwa nini... hapana, tulia, arobaini na mbili, alhamdulillahi, arobaini na mbili.

Aabo anamweleza eddo Abshiro, dada yake, aliyeingia kutusalimu na kukuta familia nzima imezunguka mashine kama mgonjwa, anamweleza kwa maneno niliyomfundisha mimi na mengine aliyotia mwenyewe, kwamba Windows ni mwenyeji, imekaa humo miaka tisa, haifukuzwi, barua zote za chama cha wafugaji zimo na anajua kila moja ilipo, na huyu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni mgeni anayepewa chumba chake pembeni, asubuhi ukiiwasha itakuuliza unaingia kwa nani, unachagua, unaingia, na eddo anauliza kwa nini isitoshe moja, aabo anasema hii ya zamani imechoka, imekula magonjwa ya flashi za watu wote wa mjini, ukitaka kumsikia Hibo, yaani hooyo, mama yangu, kwenye rekodi zake unangoja mpaka chai inapoa, ndipo eddo akacheka akasema basi Kulow, hatimaye umepata nyumba ya pili, na aabo naye akacheka, akamtazama hooyo, hooyo akatazama ukuta... mimi sikucheka, nilikuwa natazama mstari, kompyuta inasogeza vitu, ndicho inachofanya sasa hivi, inachukua kila kitu cha Windows na kukisukuma upande mmoja ili mgeni apate pa kulala, na vitu vikiwa njiani havipo huku wala huko, ilinionya kabla ya kuanza, kwa Kiingereza, kwamba kazi hii ikishaanza hairudi nyuma, na aabo akaniuliza imeandika nini, nikasema imeandika tuwe na subira, Ya Rabbi, hivyo ndivyo nilivyomtafsiria, tuwe na subira.

Na kati ya hivyo vitu vinavyosukumwa imo folda moja, aabo mwenyewe aliipa jina, BICHA, kwa ile b anayoiweka mahali pa p, ingawa picha ndani yake hazifiki kumi, zilizobaki zote ni sauti, sauti ya hooyo, arusi ishirini na kitu za buraanbur, mashairi ya wanawake, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana ambapo kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi asubuhi moja akiwa anakanda unga, na ile anayoipenda aabo kuliko zote ni ile iliyomuumbua, naijua yote, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, aabo alikuwa ameanza kwenda Kutulo mara kwa mara na kurudi amepaka manukato, na hooyo hakugombana, hakulia, alingoja arusi ya binti wa Abdirizak jirani yetu, akasimama katikati ya wanawake, ngoma ikapungua, akasema Kulow nyumba ya pili ni nyepesi kujenga, miti iko, ngozi ziko, lakini macho yatakapokufa nani atakushika mkono akuambie mlango uko wapi, na kabla ya wiki kwisha shairi lilikuwa limefika Mandera kabla ya malori, aabo hakwenda tena Kutulo, na mwaka uliofuata alikuwa akilikariri mwenyewe mbele ya wageni, akijivunia kama aliyeshinda, kaka yangu Guleid ndiye aliyeirekodi kwa simu, Guleid ndiye aliyeiweka humu, Guleid ndiye kila kitu, Guleid huyu huyu anayepiga sasa, simu inatetemeka mkononi mwa aabo.

Anapiga kutoka Garissa, aabo ameweka spika, na sauti ya Guleid inajaa chumbani na kelele za barabara nyuma yake, anasalimia, anauliza mvua, anauliza mguu wa eddo, hooyo hamuulizi kitu, anasema tu mwambieni hooyo namsalimu, kana kwamba hooyo hayuko hapa, kisha, "Sam, nakala umeshika?" na ulimi wangu, huu wangu usio na kiharusi, ukasema, "Nimeshika." Akauliza tena, umezifungua ukasikia zinalia, nikasema nimesikia, akasema poa basi, mimi ningeiacha kompyuta ilivyo lakini poa, akakata, na aabo akanitazama kwa ile fahari yake ya kimya, na chuma cha ng'ambo kikalia, na taa ikazama, muda mrefu safari hii, feni ikawa karibu kusimama, niliona kila ubawa peke yake... ikapanda. Arobaini na nne. Sikusikia hata moja. Ukweli ni huu, jana baada ya alasiri nilichomeka flashi, nikaburuta folda yote ndani yake, ikaanza kuhesabu, nikaenda kuondoa nguo kwenye kamba kwa sababu upepo wa vumbi ulikuwa unakuja, nikarudi nikakuta maandishi katikati ya kioo, nafasi haitoshi, jaribu tena, ruka, au acha, na mimi nikabonyeza ruka, sijui ilikuwa faili ya ngapi, nikabonyeza ruka tena, na tena, kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi, nikijiambia nitarudi kuona nini kimebaki, na sikurudi, alikuja mzazi mmoja wa shule kuniuliza matokeo ya binti yake, kisha magharibi ikaingia, na leo asubuhi aabo alikuwa ameshaoga, ameshavaa koti lake la mikutano, amemketisha hooyo na mto mgongoni, wote wananingoja, na flashi ikawa mfukoni mwangu, ndiyo hii, naigusa sasa kupitia kitambaa, ni ndogo kama jino, na siwezi kujua kilicho ndani, tundu moja tu la kompyuta hii linafanya kazi na limeshikwa na flashi ya kuwekea Linux, na kompyuta za shule zimefungiwa mpaka likizo iishe, huenda kila kitu kimo, huenda arusi ya binti yake Abdirizak imo, huenda ndiyo niliyoiruka.

Kwa nini nilisema nimesikia... kwa sababu ni Guleid, kwa sababu miaka yote mashine ilikuwa ya Guleid, mimi nikisogea niliambiwa usiguse utaharibu, na nikaenda chuo, nikasoma, nikarudi na cheti, na bado kompyuta ikikwama aabo anampigia Guleid ambaye anauza viatu, na mwezi uliopita nilipoleta kompyuta ya shule hapa nikawaonyesha Linux, jinsi inavyowaka upesi, jinsi ninavyoweza kufuta kila kitu kwenye kioo nikaacha picha moja kubwa tu ambayo hooyo ataigusa kwa mkono wa kushoto na sauti yake itoke papo hapo bila kungoja, aabo alisema, mbele ya watu, binti yangu huyu ndiye mhandisi wa nyumba, na neno lile nililila siku nyingi kama nyama ya sikukuu, na mhandisi hasemi nilibonyeza ruka, mhandisi hasemi tumwombe Bare azime kwa sababu naogopa... arobaini na nne, bado, na Bare ameanza mshono mrefu, nasikia, ile sauti isiyokatika, taa imekuwa rangi ya chai, kioo cha kompyuta kimetetemeka, nimekiona, kimetetemeka, na eddo anaendelea kusema kuhusu bei ya majani ya mifugo upande wa mto, na aabo anaitikia, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba katika chumba hiki kuna kitu kinabebwa juu ya kamba.

Nimemtazama hooyo kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumtazama, na hooyo hakuwa akitazama ukuta tena, alikuwa akinitazama mimi, mkono wangu, ule ulio mfukoni, macho yake yale yale ya arusini yaliyokuwa yakijua nani kavaa dhahabu ya kuazima, na nikajua anajua, hajui flashi ni nini wala Linux ni nini lakini anajua bintiye amekalia uongo, ameuona tangu simu ilipokatika, na hana ulimi wa kuniumbua nao, kwa hiyo nikajiumbua mwenyewe, nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo, "Aabo, nakala sikuihakikisha. Nimemdanganya Guleid," na aabo akakiweka kikombe chini taratibu akauliza umeme ukikatika sasa hivi itakuwaje, nikamwambia huenda zote zikapotea, zile barua, na hooyo pia, hivyo ndivyo nilivyosema, na hooyo pia, na nikamwambia umeme unayumba kwa sababu ya Bare, na kwamba nimelijua hilo tangu nilipoanza. Nilingoja hasira. Aabo alitafuta bakora yake ukutani, akavaa viatu kinyume akavivua akavivaa upya, na akatoka juani na koti lake la mikutano, mzee wa miaka sabini anakwenda kumwomba kijana asimamishe riziki yake kwa ajili ya shairi lililomdhihaki, na eddo akasema astaghfirullah kwa sauti ya chini akatoka nyuma yake.

Tumebaki wawili, na mashine, na ningepaswa kutazama mashine lakini bado namtazama hooyo, kwa sababu lile neno limenikwama, na hooyo pia, kana kwamba yeye yumo humo ndani na huyu aliyeegemea mto ni kifuniko tu, na ndivyo tunavyoishi, tunamfungulia sauti yake wageni wakija, tunasema sikieni Hibo alivyokuwa, alivyokuwa, mbele yake, na yeye anageuza uso, na sisi tukasema ameudhika na mashine, inakwama-kwama, inamkera, na juu ya neno hilo mimi nikajenga mpango wangu wote, Linux, chumba cha pili, picha moja kubwa ya kugusa, lakini siku ya Idi Guleid aliicheza kutoka kwenye simu yake mpya, haikukwama hata kidogo, ilitiririka kama maji ya mto Daua, na hooyo aligeuza uso vilevile, nilimwona, na nikasema ni mwanga wa mlangoni unamuumiza, nikaenda nikaufunga mlango... mwaka mzima na nusu, na hakuna aliyemuuliza, aabo hakumuuliza, Guleid hakumuuliza, mimi mhandisi sikumuuliza, tulikuwa tunaokoa kitu chake bila kumuuliza kama anakitaka, na sasa naogopa zaidi kuliko nilivyoogopa umeme, lakini nimeshasogea, magoti yakiuma, nimeipa mashine mgongo, nimemshika mkono ule ulio hai, nikamuuliza, "Hooyo, ile sauti unataka kuisikia, au inakuumiza?" na uso wake umetulia kabisa, kisha upande mmoja wa mdomo umeanza kusogea, mmm, anasema, mmm, na mate kidogo, siyafuti, siku zote hapa ndipo tunapomkatiza, maji hooyo, choo hooyo, mto hooyo, tunamalizia neno lake kwa neno letu na yeye anatuachia kwa uchovu, mmm, na shingo yake imekaza kamba mbili, na nyuma yangu taa imefifia tena, nimeona kivuli chetu kikiyeyuka ukutani, aabo bado hajafika au Bare bado hajakubali, sijui ni arobaini na ngapi, sigeuki, neno lake lina safari ndefu na mimi nina muda, mmm, ndiyo hooyo, niko hapa, sema...