Herufi Mbili Chini ya Karatasi

"Hapa niache nafasi, au yameshikana?" Shangazi aliuliza bila kunitazama, vidole vikisubiri juu ya kibodi.

Nikamwambia nafasi moja. Akagonga, na skrini nyeusi ikaipokea amri bila kuguna. Seva ile mpya, kompyuta kuu ya ofisi, haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa maandishi matupu, na isingejua kazi yake mpaka uitajie, jukumu moja baada ya jingine: kugawa anwani za mtandao, kutunza mafaili, kusimamia uchapishaji. Ukikosea herufi moja, inakugomea. Nami nilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio, mkono wa kulia umefungwa plasta baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi nikivuta nyaya, na mkurugenzi alitaka kazi iishe kabla ya saa sita mchana.

Shangazi alikuwa mpiga chapa wa ofisi ile tangu sijazaliwa, na ndiye aliyeniombea nafasi pale. Kipanya kilimshinda kabisa. Alikisukuma huku na huko kama anayefuta meza, sisi tukicheka, naye akicheka kuliko sote. Mkurugenzi hakucheka. Alishatangaza kwamba asiyeiweza kompyuta ataagwa mwisho wa mwezi, na kila mtu alijua anamsema nani.

Kumbe amri ndiyo ilikuwa fani yake! Nilisoma kutoka daftarini, akachapa bila kuangalia vidole, na hakukosea hata mara moja. Viduara vya kuonyesha kazi inavyosonga vikajipanga kwenye skrini, kimoja kimoja, mpaka jukumu la kwanza likakamilika. Likaja la pili. Tulipofika kwenye uchapishaji akacheka kwa pua, akasema basi leo ameajiriwa mwenzake.

Mkurugenzi aliingia mashine ikijiwasha upya, Shangazi amesimama kando akipangusa miwani. Akaitazama skrini, akaitazama plasta yangu.

"Yote haya kwa mkono mmoja?"

Sentensi moja tu ingemwokoa. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikaiona barua yangu ya ajira ikipeperuka.

"Ndiyo, bosi."

Shangazi akavaa miwani. "Huyu hana mchezo," akasema, akarudi mezani kwake.

Mimi nikathibitishwa kazini. Yeye akaagwa kwa soda na hotuba fupi. Hakunigusia jambo lile hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku yake ya mwisho aliniachia karatasi juu ya kibodi: amri zote, zimepigwa kwa taipureta, pambizo zimenyooka. Chini ya kila barua aliyowahi kuchapa aliweka herufi za mwanzo za jina la mwenye barua, mstari wa mshazari, kisha herufi mbili ndogo za jina lake yeye mchapaji. Alisema ni ili wakilalamika wajue pa kumpata. Chini ya karatasi hii kulikuwa na herufi zangu na ule mstari. Baada ya mstari, patupu.

Shangazi ametutoka, na chumba kile sasa ni stoo. Nikipita hapo huwa natamani nisikie tena vidole vyake vikigonga, hata kwa dakika moja.

Siku hizi nafundisha. Kila orodha ya amri ninayowapa wanafunzi, mwishoni kuna mstari ambao mashine huuruka bila kuutekeleza: herufi zangu, mshazari, na herufi mbili ndogo. Wanadhani ni sehemu ya amri. Wanazichapa kwa uangalifu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuzifuta.