Ukuta wa Bibi Nyigu

Mtaa mzima ulimwita Bibi Nyigu, na mwenyewe wala hakununa. Watafiti wenzake wa wadudu walichoma nyigu sindano wakawapanga kwenye ubao. Yeye alikuwa wa kwanza kukaa nao nyumba moja. Aliwapaka nukta za rangi ya kucha mgongoni, huyu nyekundu, yule nyeupe, akawafuata kwa macho mpaka akajua nani mchapakazi na nani mwizi wa udongo wa jirani. Maprofesa walimpigia simu kumuuliza. Mkwewe, aliyeolewa na mwanawe juzi tu, alisimuliwa hayo yote. Hakuambiwa kwamba vile vidongo vya ukutani sebuleni, viota vya nyigu, ndiyo kazi yenyewe.

Bibi alipolazwa kwa ajili ya macho, mkwe alitaka arudi akute nyumba inang'aa. Akakwangua ukuta kwa kisu, akaupaka chokaa.

Mumewe aliporudi alishika kichwa. "Umefanya nini, wewe?"

"Usafi."

"Usafi! Umebomoa ofisi ya mama!"

Siku ya Bibi kutoka hospitali, mkwe aliwaza jambo moja tu: narudishwa kwetu.

Bibi aliingia akishikwa mkono na mwanawe, jicho moja limefungwa bandeji, la pili linaona ukungu mtupu. Akapapasa ukuta kama ilivyo kawaida yake. Mkono ukateleza. Akapapasa tena, juu, chini.

"Ni mimi, mama," mkwe alisema. "Nilidhani uchafu. Nisamehe."

"Walikuwa na watoto ndani," Bibi akasema taratibu.

Mkwe akaangua kilio. Afadhali angetukanwa.

Mara nyigu akaingia dirishani na donge la udongo, akizunguka ule weupe. Bibi akatega sikio.

"Ana nukta?"

"Ya kijani."

"Katua wapi?"

"Palepale... hapana, kaondoka. Karudi. Anatafuta."

"Miaka yote nimetaka kujua: akibomolewa, huhama au huanza upya? Sikuwa na roho ya kumbomolea." Bibi akajifuta shavu, kisha akacheka kidogo. "Wewe unayo, mwanangu."

"Jamani, mama!"

"Nakutania. Vuta kiti, uwe macho yangu. Anafanya nini sasa?"

Mkwe akavuta kiti, pua nusura iguse chokaa. "Anabandika udongo! Shibiri moja, kushoto."

"Kushoto kwako," Bibi akauliza, "au kushoto kwake?"