Breki Haihamishwi

Bi Klachi aliendesha gari la wagonjwa hospitalini mpaka akastaafu. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, maana hakuna aliyewahi kumsikia akikwaruza gia. Uzeeni kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alisahau chumvi kwenye mboga, akasahau majirani, lakini kila asubuhi alimpigia simu bintiye wa pekee: kidole chini kulia, kitufe cha kijani, basi.

Binti huyo kazi yake ilikuwa kupanga vitufe kwenye kioo cha simu. Ofisini kwao wakaamua kuipa programu ya kupigia simu, ile ile aliyoitumia mama, sura mpya. Kitufe cha kupigia kikahamishiwa juu, kikapakwa kijivu. Aliyekihamisha ni yeye mwenyewe.

Asubuhi sura mpya ilipoanza, mama hakupiga. Binti akaenda mbiombio, akamkuta kitandani anagonga kioo pale chini kulia, anagonga tena, machozi yanamlengalenga.

"Wamemwiba mwanangu," mama akasema.

"Nipo hapa, mama."

"Wewe sawa. Yule wa kwenye simu."

Binti akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti cha dereva cha gari lake jipya, apunge upepo. Mguu wa mama ukaifuata klachi bila yeye kutazama chini. Mkono ukaingiza gia ya kwanza, ya pili, ukasukuma kijiti cha indiketa. Gari lile hakuwahi kulishika.

"Umejuaje, mama?"

"Kujua nini? Breki ni breki. Mwenye akili gani ataihamisha, watu wafe?"

Kesho yake binti akamsihi mkuu wake warudishe kitufe.

"Watazoea," mkuu akasema, wala si kwa ubaya.

Binti akamnunulia mama simu ya vitufe vya kubonyeza. Mama akaigeuzageuza, akaisukumia chini ya mto. Maji yalishamwagika, hakupiga tena.

Ikabidi binti awe anakwenda kila Jumamosi. Walikaa garini, injini imezimwa, mama kashika usukani. Jumamosi moja mama akakanyaga breki taratibu, akamgeukia.

"Tumefika, dada. Mgonjwa wako nani?"

"Mama yangu."

"Pole sana. Nenda kamwone, mimi nakusubiri."

Binti akashuka. Akaingia ndani, akalia amesimama jikoni, kisha akanawa uso na kutoka.