Jumapili Tisa

Hazel Thwaite aliishi hatua hamsini tu kutoka shule ya kanisa, ambayo walimu wake walilipwa kwa kodi za watu wote. Hata hivyo, binti yake Edith asingepata nafasi mpaka kasisi athibitishe kwamba mama amehudhuria ibada mara mbili kila mwezi kwa miaka miwili.

"Daftari la mahudhurio linaonyesha Jumapili tisa tu, Bi Hazel," alisema kasisi mlangoni pa kanisa, waumini wakitoka.

"Jumapili nyingine nilikuwa zamu hospitalini, wodini, nikiogesha wagonjwa. Si ulinikuta huko ulipokuja kuwaombea?"

"Nilikukuta. Lakini fomu inauliza ibada."

Jirani yake Piers, ambaye fomu ya mtoto wake ilikuwa imekwisha kusainiwa, alicheka. "Pole, jirani. Mimi Mungu simwamini, ila kuamka mapema najua. Jumapili ijayo nalala mpaka saa sita!"

Kasisi alisikia, akajitia kupanga vitabu vya nyimbo.

Hazel aliandika ukingoni mwa fomu: "Nilikuwa nauguza. Kasisi ni shahidi."

"Saini, au waambie watu hawa kwamba nasema uongo," alimwambia kasisi.

Kasisi alisaini, lakini shule ilihesabu ibada tu. Mwezi wa Aprili mtoto wa Piers alipata nafasi, naye Edith akapangiwa shule ya mbali, ya kupanda mabasi mawili.