Makubadhi ya Mlangoni

Kabla hajanawa uso, Mishi aliyafuta vumbi makubadhi ya babake, akayapaka mafuta kidogo, akayarudisha kizingitini. Jana yalitazama ndani, leo akayageuza yatazame nje. Anayepita aone, ajue nyumba hii ina mwanamume, na mwanamume huyo huingia na kutoka. Majirani wa Magogoni walikuwa wameambiwa kwamba mwenyewe ni dereva wa malori, hulala barabarani, hufika usiku na kuondoka alfajiri. Dereva alikuwa kweli. Ila alikuwa akilala Miritini kwa mke mwingine, na talaka ya mamake Mishi, Mwanatabu, aliitoa kwa simu kabla mama na binti hawajahama Likoni kuja Magogoni. Funika kombe mwanaharamu apite, na wao walikuwa wamelifunika vizuri.

"Mishi!"

"Abee mama."

"Hebu nikamulie ndimu hizo. Na maji usiyamwage, wa mkokoteni keshapandisha bei ya dumu tena. Mfereji ushakuwa pambo."

Mwanatabu alikuwa amechutama uani akichunga unga wa hina kwa kitambaa. Ulikuwa unga mzuri, wa kuagizwa, nao pia umepanda bei hata wachoraji wengine wameanza kuuchanganya na majani ya ajabuajabu. Yeye hachanganyi. Leo alikuwa akienda Kiembeni, nyumbani kwa Bi Ummulkheir, kumpaka hina binti mkubwa wa nyumba hiyo na kuwa somo wake, yaani kumfunda siri za ndoa kabla ya harusi. Harusi kubwa kuliko hiyo hakuwahi kuipata. Ukionekana kwenye harusi moja ya namna hiyo, unaitwa kumi. Na watu wa namna hiyo wana mwiko wao, hawataki mtalaka amshike mkono bi harusi, wanaogopa nuksi. Ndiyo maana makubadhi yalipakwa mafuta.

"Na wewe leo ndiyo siku yako," mama akasema. "Wasikufukuze, mwanangu. Mungu akufungulie."

"Amin, mama."

Shule ya Mishi ilikuwa huko huko Kiembeni, shule ya kulipia yenye mtaala wa Kimarekani, ambayo kila mwaka huchukua watoto wachache wa maskini kwa ufadhili ili wafadhili walale usingizi mwema. Sharti lilikuwa moja tu, kutoshuka chini ya alama fulani katika somo lolote. Mishi alikuwa juu katika hesabu, juu katika sayansi, na katika fasihi ya Kimarekani alikuwa anazama.

Ukutani mwa darasa hilo palibandikwa karatasi kubwa ya Matarajio. Sema ukweli wako. Pinga kwa hoja, hata mwalimu. Mtazame machoni unayezungumza naye. Kwa muhula mzima Mishi alikuwa akikatwa alama kwa sababu ya adabu. Nyumbani kumkodolea mwalimu macho ni ufidhuli, na humu kuinamisha macho ni udhaifu. Alijitahidi. Alikuwa akiyainua macho, yanafika kwenye tai ya mwalimu, yanagoma hapo.

Kazi ya mwisho wa muhula iliitwa "Nyumba Niliyotoka". Walikuwa wamesoma kumbukumbu za waandishi wa Marekani, kila mmoja akimwanika baba mlevi au mama mwendawazimu, na wanafunzi nao waandike vivyo hivyo. Mishi aliandika juu ya hina, maji ya chumvi ya kisima, na mlio wa cherehani ya jirani. Mwalimu Kahaso aliirudisha na maneno mekundu juu yake: Uko wapi wewe? Alama zilikuwa chini ya zile za wafadhili. Alimpa mpaka saa sita mchana wa leo airudie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Keti." Alikuwa mtu wa Kaloleni, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi na kola iliyochakaa. "Mishi, hii kazi yako ni safi. Lakini umeniweka sebuleni. Fasihi hii inataka kuingia chumbani."

"Mwalimu, kwetu ya chumbani hayasemwi."

Kahaso alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. "Unadhani kwetu Ugiriamani yanasemwa? Marehemu baba akifufuka aone ninavyowafundisha watoto kuwavua wazazi wao nguo, atanilaani papo hapo. Lakini wanaokagua kazi hizi wako ng'ambo, na mkataba wangu wanautia saini hao hao. Wanataka jeraha. Wasipoliona, wanasema mtoto hana sauti."

"Na nikiandika?"

"Ukiandika, unabaki shule. Nimekaa chini nikafikiria njia nyingine, sikuiona."

Mishi hakuuliza ni nani mwingine atakayesoma. Ustadhi wake wa chuo cha Kurani alikuwa akijua mambo ya nusu ya mtaa, na hakuna neno lililowahi kuponyoka kinywani mwake. Kwa Mishi, ukimpa mwalimu neno, umemwekea amana. Mstari wa mwisho wa ile karatasi ya ukutani ulisema wazi kwamba kazi zote zitawekwa kwenye ukurasa wa darasa. Alikuwa ameupita mstari huo tangu mwezi wa kwanza kama unavyopita kibao cha duka usilonunua.

Akakaa mbele ya kompyuta ya maktaba akaandika. Aliandika makubadhi na mafuta yake. Aliandika simu ya babake, na lile neno la talaka, na mama akilisikiliza huku ndimu iko mkononi. Mwanzo vidole vilikuwa vizito, kisha vikashika kasi hata akaona haya kwa urahisi wake. Palipoonekana pakavu, akaongeza kidogo.

Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imeshasahihishwa. Tisini na nne. Mwalimu Kahaso alipigia mstari sentensi moja na kuandika pembeni: Hapa ndipo ulipo. Mishi aliingia chooni akafunga mlango, akacheka peke yake, kicheko cha kushusha pumzi.

Jalila wa darasa lao, mdogo wake bi harusi, alimkuta kwenye bomba la maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mishi, wallahi sikujua. Nimelia mimi. Hayo makubadhi..."

"Umesoma wapi?"

"Kwa ukurasa wa darasa. Zote ziko pale. Hata mama amesoma, wazazi huletewa kwa simu." Alimshika bega kwa huruma ya kweli kabisa. "Mama amesikitika sana."

Mishi aliacha bomba likimwaga maji. Alimkuta Mwalimu Kahaso ofisini akila kiazi baridi.

"Mwalimu, iondoe. Iondoe sasa hivi, nakuomba."

Kahaso alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. Akakiweka kiazi juu ya karatasi. "Nikiiondoa, inahesabika hukuleta kitu. Utapata sufuri, na wafadhili wataiona jioni hii hii. Sikutishi, ndivyo ilivyo." Kisha akasema polepole, "Na aliyekwisha kusoma amekwisha kusoma. Sema wewe. Niiondoe?"

Mishi aliinamisha macho. Mwalimu hakumwambia amtazame. Alisimama hapo mpaka kengele ikalia, na jibu lake likawa hilo la kunyamaza. Aibu hiyo alirudi nayo Magogoni.

Mwanatabu alifika magharibi imekwisha kuadhiniwa. Alitua bakuli lililofunikwa kwa kanga. Hina yote ilikuwamo, na hina iliyokandwa haingoji harusi nyingine.

"Wamenipokea vizuri," alisema akivua buibui. "Chai, kaimati, kila kitu. Kisha Bi Ummulkheir akanambia wamepata somo mwengine. Akanishika mkono, akanipa pole. Wanawake ukumbi mzima wanitazama. Pole ya nini, najiuliza. Hata nikafika mlangoni, mmoja akanambia, 'Binti yako ana kipaji.'"

Mishi alianza kulia. "Mama, nisamehe. Ni kazi ya shule. Wangenifukuza."

"Umepata ngapi?"

"Tisini na nne."

"Nisomee."

"Ni Kizungu, mama."

"Nisomee kwa Kiswahili. Wameisoma wote, mimi ndiye nisiijue?"

Mishi alisoma kwenye simu, akigeuza sentensi moja moja, sauti ikimkatika. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakumkatiza kwenye makubadhi, wala kwenye Miritini, wala kwenye lile neno la talaka. Mishi alipofika kwenye sentensi iliyopigiwa mstari alitaka kuiruka. Akaisoma: "Mama akaanguka sakafuni, akalia mpaka sauti ikamkauka."

"Hapo," Mwanatabu alisema. "Hapo nani alokwambia?"

Mishi aliishusha simu.

"Sikulia siku ile. Niliweka simu, nikakwambia nipe ndimu nyengine. Wakumbuka? Kulikuwa na watu wanangoja hina. Yote ulosema ni kweli, na kweli haina pa kujificha. Lakini sikuanguka, Mishi. Hilo moja nalitaka lirudi."

Mishi aliufungua ukurasa wa darasa, akaitafuta sentensi, akajaribu kuifuta. Simu ilimjibu kwamba kazi iliyosahihishwa haibadilishwi. Akajaribu tena. Chini yake palikuwa na ujumbe mpya kutoka kwa Mwalimu Kahaso: wafadhili wameipenda, wanaomba idhini ya kuisoma kwenye mkutano wao, na hasa ile sehemu ya mama sakafuni.

Alimsomea mama na huo pia.

Mwanatabu alibeba bakuli la hina kwenda kulimwaga. Mlangoni alisimama, akavua ndara zake, akayavaa makubadhi ya mtalaka wake. Yalimzidi sana, yakawa yanapiga kisigino kila hatua. Akavuka uwanja nayo polepole mbele ya majirani wote waliokuwa barazani, na aliporudi hakuyaweka tena kizingitini.